Kumuaga Baba Likunja

Wenzangu wa kwaya, Jumapili ile niliporudi mliniuliza safari ilikuwaje, nami nikajibu "salama tu" kisha nikafungua kitabu cha nyimbo. Mkaniacha. Lakini mke wangu Oliva ananiambia bado mnamuuliza, hasa nyinyi wa sauti ya nne mnaokaa nami benchi moja, ambao tangu mwaka jana mmeniona nikitoka nje katikati ya misa nimeshika kifua. Nimejaribu kusimulia kwa mdomo, sauti ikakwama. Basi naandika.

Mnajua kaka yangu Anselmi alivyofariki. Alikuwa anapalilia mikorosho yake kule Likunja, akaanguka, basi. Mimi nilikuwa karakana napiga randa mlango, simu ikaita, nikapokea. Tangu siku hiyo simu ikiita moyo unaruka. Baadaye ukawa unaruka hata simu isipoita. Unakwenda mbio kama nimepandisha mlima, mikono inakufa ganzi, koo linabana kama nimemeza kokwa, na pumzi haishuki chini. Nikawa naweka vidole shingoni kusikiliza mapigo, kazini, mezani, hata kanisani. Zahanati walinipima presha mara nyingi hadi muuguzi akawa anacheka akiniona mlangoni. "Gaspa, iko sawa," ananiambia. Namwamini mpaka kesho yake, halafu naanza upya.

Nikiwa katika hali hiyo zikaja habari kwamba baba anaondoka. Baba alivuka Ruvuma akiwa kijana, wakati wa vita ya Msumbiji. Akaoa Mmwera, akapanda mikorosho, akazeekea Likunja. Sasa mama hayupo, Anselmi hayupo, na yeye akasema anataka kumalizia siku zake kwa ndugu zake Wamakonde wa ng'ambo. Rafaeli, mtoto wa baba mdogo, alikuja na gari la kukodi kumchukua. Wangeondoka Jumamosi asubuhi. Dada yangu Modesta, anayeishi pale nyumbani, alinipigia: "Kaka, baba anasema hawezi kuondoka hajakuona. Njoo mapema."

Nikamwambia nakuja.

Kilimarondo hadi Nachingwea

Niliondoka Ijumaa na gari la alfajiri. Nilibeba begi dogo na kigoda cha mninga nilichomchongea baba, kifupi, cha kukalia njiani watakapokuwa wanapumzika. Nilikifunga kamba nikakipakata.

Mwanzo nilikuwa mzima. Jua likatoka, abiria wakaanza kupiga soga, nami nikasema moyoni kumbe naweza. Kisha springi ya nyuma ikakatika, tukasimama porini. Dereva akasema mtu asiende mbali kujisaidia kwa sababu tembo wamepita hapo usiku, na kweli kinyesi chao kilikuwa barabarani bado kibichi. Wanawake walikusanyana karibu na gari. Wanaume walijifanya hawaogopi. Mimi, mniamini au msiniamini, nilikuwa mtulivu kuliko wote. Nilimsaidia fundi kushika jeki, nikakata mti wa kuegemezea, na moyo wangu ukakaa kimya kabisa.

Kigoda cha baba nilimpa bibi mmoja akalie. Alikuwa Mmwera, mzee sana, Kiswahili chake cha kuchanganya, ana kuku wawili kwenye tenga. Alinimegea muhogo wa kuchemsha na chumvi ya kwenye karatasi. Tulikula tukingoja, na kwa kweli ule muhogo ulikuwa mtamu.

Springi ilipofungwa kwa kamba na miti tukaondoka polepole. Ndipo ikaanza. Hakukuwa na sababu. Tulikuwa tumeshalipita lile pori, watu wanacheka, nami nikasikia kifua kinakaza. Vidole vikaanza kuchomachoma. Nikapeleka mkono shingoni. Bibi alikuwa ananitazama.

"Mwanangu," akasema, "ntima wako una nini?"

Ntima ni moyo. Kimwera cha mama nakijua nusunusu tu, lakini kwa lugha ya baba yangu ni hivyohivyo. Nikajiambia, huyu mama hanijui, hajanipima, na ameuona ugonjwa wa moyo wangu kwa macho. Basi, leo ndiyo leo, nitaanguka kama Anselmi. Jasho likanitoka hadi kwenye viganja. Nikapiga kelele dereva asimamishe.

Kondakta akaja. "Braza, kama unaumwa sema mapema, usije ukatufia humu."

Nilishuka nikakaa chini kwenye vumbi. Abiria walinizunguka, mmoja akanipepea kwa kofia, mwingine akasema ni njaa, mwingine akasema nimelogwa. Walisubiri mpaka nikaweza kusimama. Nilipopanda tena, mama mmoja aliyekaa nyuma yangu aliniinamia akasema, "Bibi alikuwa anakuuliza una mawazo gani. Sisi tukisema ntima siyo ugonjwa, ni yale yaliyomo ndani ya mtu."

Nikamwambia nimeelewa. Lakini mwili ulikuwa umeshaogopa, haukusikiliza tena maelezo. Tulipofika Nachingwea alasiri, badala ya kutafuta gari la Ruangwa niendelee Likunja, nilivuka barabara nikaingia kituo cha afya kilichoko karibu na stendi.

Nachingwea, nilikolala

Daktari alikuwa dada wa makamo, mpole, na alinisikiliza mpaka nilipomaliza. Walinipima presha, sukari na malaria, wakanibandika nyaya kifuani kupima moyo. Nilikuwa nalitazama lile karatasi linavyotoka na mistari yake kama mtu anayesubiri hukumu.

"Moyo wako mzima," akasema.

"Una hakika, dokta?"

"Nina hakika. Unatoka wapi?"

"Kilimarondo."

"Tembo akiingia shambani mnafanyaje?"

"Tunapiga madebe. Kijiji kizima kinaamka."

"Basi mwili wako unapiga madebe. Kelele ni za kweli, mapigo ni ya kweli, ganzi ni ya kweli, hujifanyi. Ila tembo hayupo shambani. Ulifiwa, ukashtuka, na tangu hapo mlinzi wako analala na debe mkononi."

Kisha akanifundisha. Nikianza kuhisi vile, nisikimbie, nisiweke vidole shingoni. Nikanyage chini kwa miguu yote miwili. Nivute pumzi taratibu kupitia puani, niitoe polepole zaidi kama mtu anayepuliza moto wa kuni asitake majivu yaruke. Nijiambie hii ni hofu, itapanda na itashuka. "Usipoikimbia inachoka yenyewe," alisema. Akaniambia nikiwa narudi nyumbani nipite kwake tuzungumze zaidi, kwa sababu siyo jambo la siku moja.

"Sasa nenda," akasema. "Magari ya Ruangwa bado yapo. Safari yako haina tatizo."

Hapo ndipo nataka mnielewe, kwa sababu hapo ndipo nilipoharibu. Sikuwa nimezuiwa na mtu. Daktari amesema nenda, magari yapo, nauli ninayo, baba ananisubiri. Nikatoka hadi stendi. Gari la Ruangwa lilikuwa linaita abiria. Nikashika mlango, na moyo ukapiga mara moja kwa nguvu, puu. Nikaachia mlango. Nikajiambia, je, kama kile kipimo kimekosea? Kama mashine ni mbovu? Acha nilale hapa karibu na hospitali, kesho asubuhi wanipime tena, nikiondoka niondoke na uhakika.

Nikachukua chumba kwenye nyumba ya wageni. Nikampigia Modesta nikamwambia gari limeharibika, nitafika asubuhi na mapema. Nusu ilikuwa kweli. Alisema, "Haya kaka, lakini asubuhi kweli. Tumekuchinjia jogoo." Halafu, kwa sababu simu ikiita nashtuka na nilitaka nipate usingizi, nikaizima.

Asubuhi sikuiwasha. Nilikwenda moja kwa moja kituoni nikakaa foleni. Jumamosi watu walikuwa wengi, akina mama na watoto wenye homa, wagonjwa hasa. Nilikaa kwenye benchi la baraza nimeipa barabara mgongo, nikila chapati na chai ya mama mmoja anayeuza pale. Nilisikia magari yakisimama na kuondoka stendi, honi, wapiga debe, kawaida ya Nachingwea. Sikugeuka.

Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa limepanda sana. Daktari alishangaa kuniona.

"Hukuondoka?"

"Nilitaka kuhakikisha, dokta."

Alinipima tena. Hakunigombeza. Alinionyesha karatasi la jana na la leo, akayaweka pamoja juu ya meza. "Ni yaleyale," alisema. "Hata ukija kesho yatakuwa yaleyale. Kipimo hakiwezi kukupa unachotafuta." Nikaona haya, lakini pia, nasema kweli, nilifurahi. Nilitoka pale mwepesi kama kijana.

Nachingwea hadi Ruangwa

Katika gari nilikaa na mnunuzi wa mbaazi, mtu mchangamfu, aliyedhani nakwenda Ruangwa kuuza kigoda. Akauliza bei. Nikamwambia hakiuzwi, ni cha baba. Akadhani nabembeleza bei ipande, akaongeza. Nikakataa. Akaongeza tena. Mwishowe akanikasirikia, akasema watu wa Nachingwea tuna kiburi, kisha akasahau na kunipa korosho za kukaanga kwenye gazeti. Tulizitafuna tukitazama mashamba. Mikorosho ilikuwa imeanza kuzaa na harufu ya mabibo ilikuwa inaingia dirishani.

Moyo ulijaribu kuanza mara moja, kwenye kona. Nikakanyaga sakafu kwa miguu miwili, nikapuliza kama nilivyofundishwa. Ukapanda, ukakaa kidogo, ukashuka. Nilitabasamu peke yangu. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia baba, nikiamini hataondoka hajaniona. Ningemwambia kwamba mimi si mgonjwa, asiondoke na wasiwasi kwamba atamzika mtoto mwingine kwa kusimuliwa akiwa ng'ambo.

Stendi ya Ruangwa nikawasha simu nimwambie Modesta niko karibu. Kabla sijabonyeza namba, ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine, simu ikitetemeka mkononi.

"Kaka uko wapi, wanataka kuondoka."

"Kaka washa simu."

"Rafaeli alitaka wapitie Nanganga njia ni nzuri, baba amekataa. Amesema lazima wapitie Nachingwea kwa sababu wewe uko njiani."

"Baba yuko stendi Nachingwea. Anakusubiri. Kaka washa simu."

"Wamesubiri sana. Dereva amegoma. Wanaondoka."

Nilisoma nimesimama katikati ya watu. Nikarudia. Baba yangu alikuwa stendi ya Nachingwea, ng'ambo ya barabara, wakati mimi nimekaa barazani nakula chapati nimempa mgongo.

Ajabu ni kwamba moyo haukwenda mbio. Ulikuwa mzito tu, umetulia. Nilimpigia Rafaeli, hakupatikana. Nilimpigia Modesta.

"Nirudi Nachingwea?" nikauliza.

"Urudi kumfuata nani, kaka? Sasa hivi wako karibu na Masasi. Njoo nyumbani."

"Alikuwa anasemaje?"

"Njoo nyumbani," akasema tena.

Ruangwa hadi Likunja

Nilichukua bodaboda. Kijana aliyeniendesha aliniuliza kama kigoda ni cha mgeni rasmi. Nilikikumbatia tu, akaelewa, akaendesha.

Nyumba ya baba mnaweza kuifikiria: ya matofali ya kuchoma, milango mitatu, yote niliitengeneza mimi. Modesta alikuwa anafagia uwanja, na niliona alama za matairi amezizunguka hajazifagia. Alinipokea begi. Hakulia wala hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Akaniletea maji ya kunawa, ugali na bakuli lililofunikwa. Nikafunua. Ulikuwa mchuzi, paja la jogoo, na firigisi.

Mimi na Anselmi tulikua tukijua firigisi haiguswi. Kuku akichinjwa nyumbani, iwe sikukuu iwe msiba, firigisi ni ya baba. Mama alikuwa anaiweka pembeni ya sahani yake, na hata siku tulizokuwa na njaa tuliitazama tu.

"Hii ni ya baba," nikasema.

"Ameikataa," Modesta akajibu. "Nilimwekea jana usiku akaisogeza. Nikamwekea asubuhi, akasema, 'Mpe Gaspari. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba sasa.' Alitaka kukupa mwenyewe, kaka. Alikaa pale mlangoni na bakuli magotini mpaka Rafaeli akamwambia gari linaondoka."

Nilikula. Ilikuwa imepashwa moto mara nyingi na imekuwa ngumu. Niliitafuna polepole, Modesta ameketi mkekani anatazama pembeni ili nisione haya. Nilimwambia ukweli wote: kwamba gari liliharibika lakini si hivyo, kwamba nilifika Nachingwea mapema, kwamba daktari alinipa ruhusa nikakataa mwenyewe.

"Kwa hiyo unaumwa au huumwi?" akauliza.

"Moyo hauumwi. Naogopa. Nimekuwa naogopa tangu Anselmi."

"Na mimi je?" akasema. "Mimi ndiye niliyemkuta pale shambani. Unafikiri mimi silali nikisikiliza kifua changu?"

Hakuwahi kuniambia. Nami sikuwahi kumuuliza. Mwaka mzima nilikuwa nasikiliza mapigo yangu tu.

Jioni simu ya Rafaeli ikaingia. Walikuwa wamefika Masasi, kesho yake wavuke. Akampa baba. Baba haiamini simu, hupiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde.

"Gaspari?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Uko hai?"

"Niko hai, baba."

"Nilidhani umekufa njiani. Nilimwambia Rafaeli huyu mtoto hawezi kunyamaza bure."

"Nisamehe, baba. Nilikuwa Nachingwea. Nilikuwa hapohapo."

Nikasubiri. Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake watu wakicheka na redio.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula."

"Ile niliyokuachia?"

"Nimeila, baba."

"Haya," akasema. "Haya basi." Halafu simu ikakatika, na tulipopiga tena haikupatikana. Kesho yake wakavuka, na laini yao ya huku haifanyi kazi ng'ambo. Tangu hapo nimepata salamu moja tu, kupitia mfanyabiashara wa mahindi: amefika, amepokewa, anasumbuliwa na magoti.

Kurudi Kilimarondo

Nilikaa Likunja siku chache. Nilirekebisha bawaba za mlango wa jikoni, na mimi na Modesta tulikwenda kwenye mikorosho ya Anselmi, mahali penyewe. Kigoda nilikiacha kwake. Sasa nampigia kila jioni, na yeye ndiye amenifundisha upya kuisikia simu ikiita bila kushtuka.

Nachingwea nilipita kwa daktari kama tulivyokubaliana. Nilimweleza. Hakuniambia "nilikwambia". Aliniambia nitakuwa naonana naye kila mwezi, na kwamba nisingoje hofu iishe ndipo nitoke nyumbani, nitoke nayo.

Kisha gari la Kilimarondo. Nilikaa dirishani. Hatujafika mbali, ikaja, na ilikuja kwa hasira kama inalipiza. Kifua, koo, vidole, macho yanaona giza pembeni. Jirani yangu, mzee wa kofia ya kiua, akaniuliza, "Unaumwa, ndugu yangu?"

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Naogopa."

Sijawahi kulisema neno hilo mbele ya mwanaume mwenzangu. Akaitikia kwa kichwa, kama nimemwambia nimesahau mwavuli, akanisogezea nafasi ninyooshe miguu. Nikaikanyaga sakafu. Sikupeleka mkono shingoni wala sikumwita kondakta. Haikushuka upesi kama ile siku ya mnunuzi wa mbaazi. Ilipanda, ikalegea, ikapanda tena, ikaniandama pori lote, na gari likaendelea, nami nikiwa ndani.

Oliva alikuwa anasubiri barabarani. "Ulimkuta baba?" akauliza.

"Sikumkuta."

Akanipokea begi. Moyo wangu ulikuwa bado unadunda wakati nashuka pale. Ulidunda hivyo njia nzima, na nilifika. Ningeweza kufika Likunja vilevile kabla hawajaondoka, unadunda, jasho linanitoka, nikamkuta baba amekaa mlangoni na bakuli magotini.